Jina Moja, Koo Mbili

Mtu anayesubiri zamu yake benki, kikaratasi cha namba mkononi, mara nyingi huwa ameketi kwenye benchi. Benki na benchi ni neno moja. Kiswahili kimeyatwaa yote mawili kutoka Kiingereza, na Kiingereza nacho kiliyapata kwa njia mbili zilizochukua karne nyingi kukutana. "Bench" ni la nyumbani. Liliingia Uingereza pamoja na makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari katika karne ya 5 na kuweka makazi huko. "Bank" la fedha lilizunguka. Makabila mengine ya Kijerumani yalishuka kusini hadi Italia, yakaacha huko neno lao la benchi, na Waitalia wakalitamka "banca" na "banco". Katika miji kama Firenze na Genova wavunja fedha walikaa nyuma ya banco, sarafu za kila mji zimepangwa juu yake, na kidogo kidogo jina la ubao likawa jina la kazi, kisha la nyumba yenyewe. Mfanyabiashara aliyefilisika alielezwa kwa maneno "banca rotta", yaani benchi lililovunjika, na hapo ndipo Kiingereza kilipopata "bankrupt". Neno likapita Ufaransa, likavuka bahari, na Bank of England ilipoanzishwa London mwaka 1694, ubao wa wavunja fedha ulikuwa umebaki kwenye herufi tu.

Kuna "bank" nyingine tena, ile ya ukingo wa mto. Hiyo ililetwa na Waskandinavia waliovamia, kisha wakalowea, mashariki na kaskazini mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao ilikuwa ardhi iliyoinuka kando ya maji, nayo imechipuka kwenye mzizi uleule wa Kijerumani uliozaa benchi. Ndugu watatu, basi: mmoja alibaki na wazee, mmoja akaja na mashua za wavamizi, mmoja akaja na biashara. Leo kamusi za Kiingereza huziandika "bank" hizo mbili kama vidahizo tofauti, na mwanafunzi hutungiwa sentensi juu ya mtu anayeketi "bank" akivua samaki na mwingine anayeenda "bank" kutoa pesa, kana kwamba majina hayo yamefanana kwa bahati nasibu.

Wanaisimu wana istilahi mbili za kutenganisha mambo haya. Homonimia ni pale maneno mawili yenye asili tofauti yanapojikuta na umbo moja. Polisemia ni pale neno moja linapopanuka na kubeba maana kadhaa. Darasani mpaka huo huchorwa ukiwa umenyooka kabisa. Mimi ninayefasiri kutoka Kiingereza siku zote nimeuona ukilindwa na mashahidi wawili wasiopatana. Mmoja ni historia, anayejua nani alizaliwa na nani. Wa pili ni wasemaji, wanaojua nani anaishi na nani. Vitabu humsikiliza zaidi yule wa kwanza. Naamini shahidi wa pili anastahili uzito mkubwa kuliko anaopewa, kwa sababu wasemaji huwasahau ndugu wa damu na kuwaasili wageni, na wakishafanya hivyo lugha huendelea kwa hukumu yao.

Kwanza ifahamike kwa nini Kiingereza kina wageni wengi hivyo chini ya jina moja. Kabla ya mwaka 1066 kilikuwa lugha ya viambishi tamati. Nomino na vitenzi vilibadilika mwishoni kulingana na kazi yake katika sentensi. Dubu aliitwa "bera", na kubeba kuliitwa "beran". Wanormani walipotwaa ufalme, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, na Kiingereza, ambacho tayari kilikuwa kimeanza kudondosha miisho yake katika kuchanganyika na lugha ya Waskandinavia, kikabaki midomoni mwa wakulima na mafundi bila mtu wa kukirudisha kwenye mstari. Kufikia karibu mwaka 1400 miisho mingi ilikuwa imekwisha. "Bera" na "beran" yote yakawa "bear". Maneno yaliyokuwa na silabi mbili yakabaki na moja, na silabi moja haina nafasi kubwa ya kutofautiana. Wakati huohuo maneno ya Kifaransa yalimiminika kwa maelfu. Ndiyo maana "bark" ni mbwa anayebweka, kwa neno la wenyeji. Ni gome la mti, kwa neno la Waskandinavia. Na ni aina ya merikebu, kwa neno la Kilatini lililopitia Ufaransa, ingawa hilo la mwisho siku hizi huandikwa zaidi kwa tahajia ya Kifaransa. Historia yote ya uvamizi wa kisiwa kile imekaa katika sauti moja fupi.

Kiswahili hakikupoteza viungo vyake namna hiyo. Tazama mbuzi ya kukunia nazi: kigoda cha kukunjwa chenye chuma kilichochomoza mbele kama shingo, na mwishoni mwake meno. Mkunaji hukikalia, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno hayo. Aliyekiita mbuzi aliona kichwa na shingo ya mnyama anayeinyoosha kutafuta majani. Lakini sarufi haikuruhusu viwili hivi vichanganyike. Mbuzi huyu amekonda. Mbuzi hii imeshika kutu. Upatanisho unamaliza kesi kabla haijafika barazani. Mwingereza amefanya tendo lilelile la macho kwa korongo, akaipa jina la "crane" winchi ya kunyanyulia mizigo bandarini, kama Wagiriki walivyofanya kabla yake kwa neno lao "geranos", ila hana ngeli ya kumwambia ndege ni nani na chuma ni kipi. Anategemea maneno ya jirani katika sentensi. Ndege huyohuyo ameacha alama nyingine: waandishi wa nasaba za Ulaya walichora mistari mitatu midogo kuonyesha wazazi na watoto wao, mistari iliyofanana na unyayo wa korongo, na Kifaransa cha "mguu wa korongo" kikageuka kwa Waingereza kuwa "pedigree", yaani ukoo.

Neno lenyewe la Kiingereza la kumaanisha, "mean", ni mkutano wa watu watatu wasiojuana. Kitenzi ni cha wenyeji, kimetoka kwenye "mænan" ya zamani. "Mean" ya hesabu, yaani wastani, imetoka Kifaransa, na nyuma yake kuna Kilatini cha kilicho katikati. Ya tatu ndiyo inayoniuma. Leo "mean" ni mchoyo, mwenye roho mbaya, mtu wa kukudharau kwa mambo madogo. Mwanzo wake ni "gemæne", maana yake kilicho cha wote, kinachomilikiwa kwa pamoja. Kijerumani kingali na "Gemeinde", jumuiya. Kilicho cha wote kikawa cha watu wa kawaida. Cha watu wa kawaida kikawa cha watu wa chini. Cha watu wa chini kikawa duni, na duni ikawa tabia mbaya. Kila hatua ni fupi na haina aliyeipanga, lakini ukiipima safari yote unaona jamii ya matabaka ikiandika dharau yake kwa maskini ndani ya neno lililokuwa la ujima. Sijawahi kulifasiri bila kusita kidogo.

Turudi kwa wageni walioasiliwa. Suke la ngano kwa Kiingereza ni "ear", na sikio ni "ear". Ukimuuliza mkulima wa Uingereza au Marekani kwa nini, ataelekea kukujibu kwamba gunzi la hindi hutokeza ubavuni mwa bua kama sikio linavyotokeza ubavuni mwa kichwa. Jibu lina mantiki, na historia inalikana. Zamani sikio lilikuwa "eare", na suke lilikuwa "ear", neno la ukoo mwingine kabisa, lenye maana ya kitu chenye ncha kali, kama zilivyo nywele za suke la shayiri. Ni ndugu wa "edge", makali ya kisu. Kijerumani hadi leo kinawatenga, "Ohr" huku na "Ähre" kule. Kiingereza kilipokata miisho, wakabaki na sura moja, na macho ya watu yakawatafutia undugu. Sasa waambie wanaosema Kiingereza kwamba wamekosea. Kwa karne nyingi wamelitumia kama neno moja lenye picha moja, na picha hiyo ndiyo inayofanya kazi vichwani mwao. Mimi nawahesabu kuwa ndugu.

Kinyume chake ni unga. "Flour" na "flower" ni neno moja: unga mweupe laini ulikuwa ua la ngano, sehemu bora kuliko zote baada ya kusaga na kuchekecha. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755 alikuwa bado anayaandika yote mawili kama ua. Kisha tahajia ikawatenga kwa herufi mbili, na leo mtoto wa shule akiandika ua mahali pa unga anakatwa alama, hali Johnson angemwona sahihi. Undugu wa damu umefutwa kwa wino.

Mtu aliyelazimika kuamua mashauri ya namna hii kila siku ni James Murray, Mskoti, mhariri wa kamusi ambayo leo twaiita Oxford English Dictionary. Chama cha wanafilolojia cha London kilianza kuifikiria kazi hiyo mwaka 1857; Murray alikabidhiwa mwaka 1879. Alijenga kibanda cha mabati, kwanza karibu na shule aliyofundisha huko Mill Hill, halafu kingine bustanini mwake Oxford, akakiita Scriptorium. Wasomaji wa kujitolea walimletea vipande vya karatasi kwa mamilioni, kila kimoja kina neno, sentensi ambamo limetumika, kitabu na mwaka. Vipande vilipangwa kwenye vishubaka vilivyojaa ukutani. Kwa kila neno, wasaidizi walitandaza vipande vyake mezani kuanzia cha zamani zaidi, wakavigawa mafungu kwa kufuata maana, na ndipo swali likaja: je, mafungu haya ni ya neno moja au mawili?

Kanuni yao ilikuwa asili. Koo mbili, vidahizo viwili, hata kama wasemaji wamekwisha kuwaunganisha. Ukoo mmoja, kidahizo kimoja, hata kama maana zimeachana kiasi cha kutotambuana. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, Murray akafariki 1915 akiwa katika herufi T, na kazi nzima ikakamilika 1928. Ukubwa wa kanuni hiyo unaonekana kwenye kitenzi "run", kukimbia. Mhariri Peter Gilliver alipokitengeneza upya kwa ajili ya toleo la tatu, alikaa nacho miezi 9, na alipomaliza kilikuwa na maana 645. Maji hukimbia hivyo, mashine, duka, pua yenye mafua, uzi wa soksi, mgombea wa urais. Zote ni damu moja. Naiheshimu kanuni ya Murray kwa sababu inathibitika kwa karatasi, na pia kwa sababu yeye mwenyewe aliiacha wazi: vipande vipo, mtu anaweza kurudi akahukumu upya.

Kati ya maneno yote ya aina hii, ninalolipenda kuliko mengine ni "pupil". Ni mwanafunzi, na ni mboni ya jicho. Msogelee mtu unayempenda penye mwanga mzuri, hadi nyuso zenu zikaribiane, kisha tazama katikati ya jicho lake. Katika ule weusi utaona mtu mdogo sana, ana kichwa na mabega, na ukitikisa kichwa naye anatikisa. Ni wewe. Warumi walipomwona wakamwita "pupilla", kisichana, mwanasesere. Wagiriki walikuwa wamemwita "kore", msichana, na katika mazungumzo ya Alkibiadi yanayonasibishwa na Plato, Sokrate anaitumia picha hiyo kueleza kwamba jicho likitaka kujiona sharti litazame ndani ya jicho jingine. Waarabu huiita mboni insan al-ayn, mtu wa jicho. Waajemi humwita mardomak, kijitu. Kiebrania cha Biblia kina "ishon", ambalo wengi hulieleza kuwa mtu mdogo. Watu wa lugha hizo mbalimbali walikaa karibu kiasi hicho na wapenzi wao, watoto wao na wagonjwa wao, wakaona kitu kilekile. Kiswahili nacho kina mtoto ndani ya jicho, ila kwetu mtoto wa jicho ni maradhi, ule ukungu mweupe unaomfunika yule mdogo asionekane.

Sasa mwanafunzi. Kwa sheria ya Kirumi, mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe aliitwa "pupillus" akiwa wa kiume, au "pupilla" akiwa wa kike, akawekwa chini ya mlezi wa kusimamia mali yake. Mlezi huyo aliitwa "tutor". Kwa maana hiyo ya yatima neno likaingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, na kabla ya karne ya 16 kwisha lilikuwa pia mtoto anayefundishwa. Sheria ya Scotland ililishikilia lile la zamani muda mrefu sana: msichana aliye chini ya miaka 12 na mvulana aliye chini ya 14 waliitwa kisheria "pupil", na msimamizi wao "tutor", hadi utaratibu huo ulipobadilishwa kwa sheria ya mwaka 1991. Maneno mawili ambayo leo ni ya darasani, mwalimu wa ziada na mwanafunzi wake, yalianza kama mlezi na yatima aliyekabidhiwa kwake.

Mwanasesere na yatima wana mama mmoja, neno la Kilatini la mtoto mdogo. Walipoingia Kiingereza wakavaa umbo moja, na wasemaji hawaoni uhusiano wowote kati yao. Historia inasema ni ndugu, mazoea yanakana. Hapa, baada ya kuwatetea wasemaji kwa suke na sikio, naenda upande wa historia bila kusitasita. Mwalimu amwitaye mtoto "pupil" anamwita kwa jina la aliyeachwa mikononi mwake, na kwa jina la yule mdogo anayeonekana ukimkaribia mtu vya kutosha. Ni hasara kwamba neno limetimiza yote hayo na anayelitamka hasikii kitu.

Kusahau kwa namna hii kunaweza kugeuza maana juu chini. "Let" ni ruhusu. Zamani kulikuwa na "lætan", kuruhusu, na "lettan", kuzuia, kuchelewesha. Miisho ilipoanguka, ruhusa na kizuizi vikawa na sura moja. Inaelekea hata hao wawili walitoka kwa babu mmoja wa kale mwenye maana ya kulegea: anayelegeza kamba anaruhusu, na aliyelegea anachelewa. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, Waraka wa Pili kwa Wathesalonike sura ya 2 aya ya 7 unamtaja mzuiaji kwa neno hilo, na msomaji wa leo asiyeonywa ataelewa kinyume kabisa: mwenye kuachilia. Hiyo ni aya ambayo watu wamejengea mafundisho ya siku za mwisho. Nje ya Biblia kizuizi hicho kimebaki hai mahali pachache, ukiwemo ukurasa wa mbele wa pasipoti za Uingereza na za nchi kadhaa zilizotawaliwa nayo, ambapo serikali inaomba mwenye pasipoti apite bila "let" wala pingamizi. Maafisa wa mipakani wanaishika siku nzima sentensi hiyo.

Kwetu jambo hili halijaisha, linatokea sasa. Meza tunayolia chakula ni ya Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498. Meza ya kumeza mate ni ya Kibantu, kongwe kuliko merikebu zao. Tai wa angani ni wetu, tai ya shingoni ni ya Mwingereza, na ngeli inawatenga kama inavyomtenga mbuzi. Kinachonivutia zaidi ni bodi. Kiingereza kina "board", ubao, ambao ulikuja kuwa meza, kisha watu wanaokaa kuizunguka na kuamua mambo. Na kina "body", mwili. Ni maneno mawili yasiyo na undugu na matamshi yake hayalingani. Kiswahili kikayapokea yote, kikayavisha umbo moja, na vyote vikaingia ngeli moja. Bodi ya shirika imevunjwa. Bodi ya basi imevunjika. Hapa upatanisho hausaidii. Homonimu mpya imezaliwa mikononi mwetu, kwa njia ileile iliyowakutanisha "bear" wawili, na huenda wajukuu wetu wataona undugu kati ya umbo la gari na kundi la wakurugenzi, wakaueleza kwa ufasaha kama ule wa mkulima na masikio ya mahindi.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo la kwanza la mwaka 1981, huziwekea homonimu kama hizi tarakimu ndogo juu, kaa wa kwanza, kaa wa pili. Tarakimu hiyo ni mwanzo. Natamani tuwe na kamusi ya kihistoria yenye vipande kama vya Murray, kila maana na sentensi yake ya kwanza iliyoandikwa, mahali na mwaka. Mali ghafi ipo na ni nyingi: barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa, tenzi za hati ya Kiarabu, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, kamusi ya Krapf iliyotoka 1882, gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923. Mtu angeweza kuanza na meza akifuata nyayo za Kireno ndani ya barua na tenzi, halafu benki na benchi ndani ya magazeti. Bodi ya kampuni ataipata katika taarifa za serikali. Ile ya gari itamlazimu aende gereji na daftari, asimame kando ya fundi anayenyoosha bati na kupiga rangi, aandike anachosikia pamoja na tarehe, kwa kuwa neno hilo limeenea zaidi midomoni kuliko kwenye karatasi.